Mnawezaje kupumzika na huku bado mnasubiri?

mamawawili: Bwana asifiwe wapendwa. Jamani naombeni mnisaidie, huu mwaka wa tatu natafuta kazi, nimefunga, nimeomba, mkesha wa Ijumaa sikosi, lakini saa nane usiku niko macho nahesabu kodi na ada za watoto. Mchungaji anasema mtumaini Mungu upumzike, sasa napumzikaje wakati mwenye nyumba akigonga geti tu nashtuka hadi sufuria inaniponyoka?

kijana wa kwaya: Pole dada. Soma 1 Wafalme 19, Eliya alichoka hadi akaomba afe kabisa, na malaika wala hakuanza kumhubiria, alimpa mkate na maji, akala akalala, akaamshwa akala tena. Kwahiyo usione aibu kulala, na hiyo mikesha kwanza punguza (mchungaji asinisikie).

Mzee Baba: Mwanangu, Ibrahimu alipewa ahadi ya uzao ana miaka 75, Isaka kazaliwa baba yake ana 100, na hapo katikati yeye na mkewe Sara wakaona wamsaidie Mungu, azae na mjakazi wao Hajiri, ikawa kesi ndani ya nyumba. Mimi nilipoachishwa kazi, kila usiku naandika madeni kwenye daftari, naliweka ndani ya Biblia pale Zaburi 37 panaposema umngojee Bwana, naifunga Biblia, nalala. Asubuhi madeni yapo palepale ila mimi nimelala.

mamawawili: 😂😂 daftari ninalo baba, leo najaribu. Ila Ijumaa nitakuja kidogo tu jamani