Tumeshauriwa IVF, na kila jamaa ana lake la kusema: lipi ni kweli?

Mke wa Umoja:

Habari zenu. Nina miaka 36, naishi Umoja na mume wangu, na picha ya eksirei ilionyesha kwamba mirija yangu yote miwili ya uzazi imeziba. Daktari ametueleza kwamba njia yenye matumaini kwetu ni IVF, yaani yai na mbegu kukutanishwa maabara, nje ya mwili. Tangu tuwaarifu watu wa nyumbani, nimeshindwa kutenganisha elimu na uvumi. Mama mkwe, ambaye ananipenda na wala sisemi haya kwa kumshtaki, anaamini kwamba mtoto atakuzwa ndani ya chupa na hatakuwa wa damu yetu. Shangazi yangu anasema sindano zitanimalizia mayai, nikome hedhi kabla ya wakati. Jirani anasisitiza kwamba lazima nitazaa mapacha, tena kwa upasuaji, na kwamba nisipolala kitandani wiki mbili mimba itatoka. Naomba mwenye ujuzi wa mambo haya anieleze kwa utulivu, kwa sababu mume wangu ameanza kusitasita, na mimi mwenyewe sipati usingizi.

Muuguzi wa Uzazi:

Dada, pole kwa mzigo huo. Nimewahudumia wanandoa wengi katika kliniki za uzazi hapa jijini, na hofu ulizoandika ndizo ninazozisikia karibu kila juma.

Nianze na la mama mkwe, kwa kuwa ndilo linaloweza kuvunja nyumba. Yai hutolewa kwenye ovari yako, yaani kifuko cha mayai, mbegu hutoka kwa mume wako, na vyote viwili hukutanishwa maabara. Kiinitete, yaani yai lililorutubishwa na kuanza kukua, hukaa humo siku tatu hadi tano au sita tu, kisha huwekwa ndani ya tumbo lako la uzazi, na miezi yote inayofuata unaibeba mimba wewe mwenyewe. Mtoto ni wenu kwa damu na kwa sura, isipokuwa kama ninyi wenyewe mmekubali kwa maandishi kutumia yai au mbegu za mtu mwingine. Louise Brown, mtu wa kwanza kuzaliwa kwa njia hii, alizaliwa Uingereza Julai 1978. Mwaka 2006 alijifungua mtoto wake mwenyewe aliyetungwa kwa njia ya kawaida, na mwaka huohuo watoto wa kwanza wa IVF nchini Kenya walizaliwa hapa Nairobi. Mwambie mama kwamba watoto wa namna hii duniani sasa wanahesabiwa kwa mamilioni.

Kuhusu mayai kuisha: kila mwezi mwili huandaa kundi la mayai, moja likakomaa, na yaliyosalia hufa yenyewe. Sindano za homoni, ambazo huchomwa kwa takriban siku nane hadi kumi na nne, huyakomaza yale ambayo yangepotea mwezi huohuo, kwa hiyo haziigusi akiba ya miaka ijayo. Hatari ambayo shangazi hakuitaja, nami naona inastahili kutajwa, ni ya ovari kuchochewa kupita kiasi. Ukiona tumbo linavimba haraka, unatapika au unapumua kwa shida, rudi hospitalini siku hiyohiyo bila kungoja miadi.

Mapacha hutokea zaidi pale viinitete viwili au zaidi vinapowekwa pamoja. Unaweza kuomba kiwekwe kimoja na vingine vigandishwe, na mara nyingi huo ndio uamuzi salama zaidi kwa mama na kwa mtoto. Wala IVF yenyewe haimlazimishi mtu kuzaa kwa upasuaji. Kulala wiki mbili hakuna faida iliyothibitishwa. Kiinitete hakianguki kwa kupanda ngazi wala kwa kupanda matatu, na inapotokea hakikushika, sababu kubwa huwa ni kasoro za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, zilizokuwamo tangu mwanzo, ambazo huongezeka kadiri umri wa yai unavyosonga. Nakusihi ulishike hili, kwa sababu nimewaona wanawake wakijilaumu kwa kuinua ndoo ya maji, na lawama hiyo huwaumiza kuliko sindano zote.

Mzee wa Dagoretti:

Mwanangu, sisi tulifundishwa kwamba mtoto huja kwa wakati wa Mungu. Nawajua watu waliokaa miaka mingi, wakatumia dawa za mitishamba, na hatimaye wakapata. Miaka 36 si uzee. Kwa nini usisubiri kidogo kabla ya kutumia fedha nyingi namna hiyo?

Muuguzi wa Uzazi:

Mzee wangu, nakuheshimu, na najua unasema kwa huruma. Hata hivyo, dada huyu amepimwa na sababu imeonekana. Mirija iliyoziba pande zote mbili, jambo ambalo mara nyingi hutokana na maambukizi ya zamani katika nyonga, hailizuii yai tu, bali hulitenga na mbegu, na hakuna dawa ya kunywa iliyothibitishwa kuizibua. Wakati huo anaposubiri, mayai yake yanazidi kuzeeka. Mwanamke aliye chini ya miaka 35 ana nafasi nzuri zaidi. Kuanzia miaka 40 nafasi hiyo hushuka kwa kasi, na akifika miaka 43 akitumia mayai yake mwenyewe, nafasi kwa kila kiinitete ni ndogo sana. Subira ni njema pale ambapo sababu haijajulikana na umri bado mdogo, lakini kwake kila mwaka una gharama.

Baba wa Kasarani:

Naomba nizungumze na mume wako, dada. Ndugu yangu, kabla ya kusitasita, je, umepimwa shahawa? Sisi wanaume tumezoea kuamini kwamba ugumba ni wa mwanamke, na kwamba mwenye nguvu za kiume hana kasoro, ilhali nguvu hizo na wingi wa mbegu ni mambo mawili tofauti. Upande wa mwanamume unachangia katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto. Nilichelewa kupima kwa aibu, na aibu hiyo ilimfanya mke wangu abebe peke yake maneno ya ukoo mzima. Matokeo yakiwa mabaya, ipo njia iliyoanza kufanikiwa Brussels mnamo 1992, ambapo mbegu moja huingizwa kwa sindano nyembamba mno ndani ya yai. Mbegu chache hazimaanishi tena kwamba hamna matumaini.

Binti wa Eastleigh:

Kwa wasomaji Waislamu wanaoogopa kwamba jambo hili ni haramu: wanazuoni wengi wa Kisunni wanaliruhusu kwa masharti kwamba yai na mbegu ni vya mume na mke walio ndani ya ndoa, na kwamba hakuna mtu wa tatu anayeingizwa. Kanisa Katoliki, kwa upande wake, halikubaliani na utungishaji wa nje ya mwili, na ilitangazwa hivyo waziwazi mwaka 1987. Ni vyema kila wanandoa wazungumze na viongozi wao mapema, kabla viinitete havijagandishwa, kwa sababu maamuzi ya baadaye ni mazito zaidi.

Mke wa Umoja:

Nawashukuru sana. Mume wangu amesoma yote na amekubali kupima wiki hii. Swali moja limebaki: kliniki moja imetuahidi mafanikio ya asilimia sabini. Je, niamini?

Muuguzi wa Uzazi:

Uliza asilimia sabini ya nini. Kipimo cha mimba kuonyesha ndiyo si sawa na mtoto kuzaliwa hai, na idadi ya waliowekewa kiinitete ni ndogo kuliko ya walioanza matibabu, kwa kuwa wengine hawafiki hatua hiyo. Omba takwimu za wanawake wa umri wako walioanza matibabu wakajifungua mtoto hai. Uliza pia kama bei uliyopewa inajumuisha dawa, ugandishaji na uwekaji wa mara ya pili, kwa sababu mzunguko mmoja wa matibabu hapa Nairobi huweza kupita shilingi 400,000, na wengi huhitaji zaidi ya mmoja. Na kabla hujalipa chochote, mwombe daktari aitazame tena ile picha ya mirija: ikiwa imejaa majimaji, majimaji hayo hupunguza nafasi ya mimba kushika, na kwa kawaida mirija hiyo huondolewa au kufungwa kwanza.