XR150L, DT125 ya okazio ao TVS ya kubadilisha: ipi kwa njia za Kabare?

Mushi_Nguba

Bakubwa, jambo yenu. Natafuta moto (pikipiki) ya kutembea njia za porini siku ya yenga (Jumapili). Si ya teksi, si ya kubeba makaa. Tuko watatu: tunatoka Nguba, hapa Bukavu, kungali giza, tunapanda upande wa Kabare kwa njia za waenda sokoni, tunashuka Birava kula sambaza (samaki wadogo) kando ya ziwa, tunarudi kabla mvua ya mchana haijatukuta. Wenzangu wana pikipiki zao. Mimi naazima ya kaka, na kaka sasa ameanza kuficha ufunguo.

Nina dola 2,500, na humo humo kaske na buti zitoke. Urefu wangu 1 m 64, uzito kilo 60. Nimepima Honda XR150L, kisha Yamaha DT125 ya okazio (iliyokwisha kutumiwa) iliyotoka kwenye shirika moja la misaada, kisha TVS ya kawaida, ile ya teksi, nibadilishe pine na gido (usukani). Moyo wenyewe, siwafichi, uko kwa Honda CRF250L. Niliona moja Goma imesimama mbele ya hoteli, nikaizunguka mara tatu mpaka sentineli akanikohoa.

Fundi_Kadutu

Kadogo, CRF itoe kwanza kichwani ndiyo tuongee. Si mbaya, ni nzuri mno. Lakini kiti chake kiko sentimita 87 na nusu juu ya ardhi. Wewe utagusa kwa vidole, tena upande mmoja. Moteri inapozwa kwa maji, na radiateri iko ubavuni, pale pale inapofikia jiwe ukianguka. Esansi (petroli) inaingia kwa enjeksyo: jambo jema kwa milima yetu kwa sababu inajipima yenyewe hewa ikipungua, ila pompi ikigoma Birava hakuna mtu wa kuifungua kwa bisibisi. Tanki haifiki lita 8. Na kwa dola zako 2,500 utapata ile ambayo mwenyewe ameichoka, na mtu hachoki na pikipiki nzuri bure.

XR150L ni mtu mzima mwenye akili. Tempi nne (pistoni inapiga mara nne kwa kila mwako), 149 cc, inapozwa kwa hewa, ina karibrateri, kile kichanganyio cha esansi na hewa. Kiti sentimita 82 na nusu. Inawaka asubuhi bila kubembelezwa. Kasoro yake kwa kazi unayoitaka ni rodi, yaani magurudumu: mbele ni inchi 19, nyuma 17. Pikipiki za porini zenyewe zina 21 mbele na 18 nyuma. Gurudumu kubwa linapanda juu ya jiwe ao mzizi. Dogo linaligonga, na gido inakupiga mikononi. Ukitembea barabara mbovu hutaona tofauti. Ukiingia kwenye kanjia ka mbuzi utaiona.

DT125 ni tempi mbili, nyepesi, egzosi imepita juu, rodi ni zile zenyewe za 21 na 18. Mashirika yametembelea hizo miaka na miaka humu Kivu, kwa hiyo kila fundi aliyezidi miaka 40 anaijua kama mkono wake. Oili ina tanki yake pembeni, inachanganyika yenyewe. Hapo ndipo watu wanaziua: wanajaza esansi, wanasahau oili, pistoni inakamata kwenye mteremko. Nimefungua nyingi za namna hiyo, na kila mwenyewe anaapa oili ilikuwemo.

TVS sisemi kitu, kuna watu wake humu watakuja.

Motari_Essence

Tumekuja. Miaka saba niko kwenye TVS, nimefika Walungu, nimefika Nyangezi, nimebeba mama na mbuzi wawili siku moja. Kanjia gani ya Kabare ambayo motari hajapita? Kebo ikikatika saa mbili usiku, duka la piesi liko wazi. Hizo zenu za porini mtasubiri kifurushi toka Kampala.

Weka pine ya meno nyuma, punguza jino moja kwenye pinyo (gia ndogo ya shene) ya mbele upate nguvu ya kupanda, hela inayobaki nunua ng'ombe.

Furaha_Agro

Motari kaka yangu, unapita kweli, nakuheshimu. Lakini unapita ukiwa umeketi, polepole, miguu yote miwili inapiga chini kama makasia. Huyu anataka kusimama kwenye vikanyagio na kucheza. TVS egzosi iko chini, amortisa (springi) za nyuma fupi. Kwenye mfereji uliochimbwa na mvua, tumbo lake linakaa juu ya kingo na gurudumu linazunguka hewani. Imenitokea na ya kuazima.

Mushi, ndugu yangu, wote wanakueleza cc na rodi. Mimi natembea na Yamaha AG100 ya kazi, naenda kwa wakulima upande wa Kaziba, na swali langu ni lingine: ikianguka, utaiinua?

Mwaka jana mwezi wa 11, udongo mwekundu umelowa, mteremko mrefu. Gurudumu la nyuma likaamua kwenda mbele ya lile la mbele. Pikipiki ikalala, gido ikielekea bondeni, rodi zimeelekea juu. Hiyo ndiyo namna mbaya kuliko zote ya kuanguka, kwa maana unapoinua unavuta uzito wote kupanda mlima, na buti hazishiki. Esansi inatiririka kutoka karibrateri, nyasi inanuka, mvua inazidi. Nilifunga robine ya esansi kwanza. Kisha nikaacha kuinua, nikashika gurudumu la nyuma nikaiburuta ikiwa imelala, nikaizungusha mpaka rodi zikaangalia bondeni. Hapo ndipo nikaisimamisha, nimegeuza mgongo, matako kwenye kiti, mikono kwenye gido na kwenye portbagaji, nikisukuma kwa mapaja. Ilinichukua karibu nusu saa. Watoto watatu walikuwa wamekaa chini ya mgomba wakinitazama, hakuna aliyecheka, nikajua hali yangu ilikuwa mbaya kweli.

AG100 ni ya shamba, si ya mchezo: shene yake imefungwa ndani ya boksi haioni tope, ina rafu mbele na nyuma, haina haraka. Sikushauri uinunue kwa siku ya yenga. Nakushauri hivi: kwa muuzaji yeyote, omba uilaze polepole kwenye nyasi, penye mteremko kidogo, uiinue mara tatu. Si mara moja. Mara ya kwanza kila mwanaume ana nguvu. Ya tatu ndiyo inakueleza saa nane ya mchana utakuwa na hali gani.

XR150L ikijazwa esansi ina kilo karibu 129, wewe una 60. Fanya hesabu hiyo kabla ya ile ya dola.

Kaponda_Lushi

Jambo toka Lubumbashi. Nyinyi wa Kivu mna mambo ya kuinua pikipiki kama magunia. Huku kwetu ni tambarare na mchanga. Tokea mwezi wa 5 mpaka wa 9 tone halidondoki, njia za msituni upande wa Kipushi zinakuwa unga mwekundu. Moto ndogo kwenye mchanga inazama, unahitaji nguvu ya kuelea juu yake. Mimi niko kwenye 250 na sirudi nyuma.

Kitu kimoja tu nitakigawa kwa wote: filtre ya hewa ya sponji. Huku naiosha kila nikirudi, naipaka oili, nakamua. Ya jirani yangu ilikuwa kavu, vumbi likapita, segima, zile pete za pistoni, zikaisha kabla ya mwaka.

Fundi_Kadutu

Kaponda, muzee, nguvu ya mchanga si nguvu ya tope. Kwenye udongo wetu ukifungua gesi kwa 250 unachimba kaburi la gurudumu la nyuma. Hapa nguvu ndogo inayokuja taratibu inapanda mahali ambapo kubwa inateleza.

Volkano_Goma

Niko Goma, nina DT. Nyongeza moja kuhusu pine, kwa sababu najua mtakuja huku siku moja mjifanye wanaume.

Lava ya 2002 ya volkano Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na ya 2021 ikasimama kwenye kingo za mji. Juu ya ile ya zamani watu wamejenga, ila njia za pembeni bado ni mawe yenye meno. Mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, anapita na magunia ya viazi bila wasiwasi kwa sababu gurudumu lake ni mbao limevikwa mpira. Wewe una chambre ya hewa, ule mpira wa ndani. Kwenye tope la Kabare unaweza kushusha hewa mpaka karibu bar 1, meno yanatandaza na kushika. Ukija na bar 1 kwenye lava, jiwe linaibana chambre juu ya rodi na kuitoboa matundu mawili sambamba. Mimi siendi chini ya 1.5, na natumia chambre nene hata kama ni nzito. Pompi ya mkono usiiache nyumbani hata kama unaenda kununua mkate.

Gurudumu la 21 kwenye mawe haya ni mbingu na ardhi. Nilijaribu ya 19 ya rafiki, kufika jioni vidole havikuweza kufungua chupa.

Mushi_Nguba

Aksanti sana, nimecheka na nimeogopa. DT nitaenda kuiona siku ya tano. Niangalie nini? Na hii habari ya hewa kupungua milimani, ni kweli ao ni maneno ya mafundi wapate kazi?

Fundi_Kadutu

Ni kweli, na kazi tunapata pia. Bukavu tuko mita 1,500 na kitu, hewa imepungua karibu moja ya sita ukilinganisha na pwani. Ukipanda mpaka mita 2,000 imepungua zaidi ya moja ya tano. Karibrateri haijui hilo, inaendelea kumwaga esansi ile ile. Hewa kidogo na esansi nyingi, moteri inakuwa kama imebanwa pua: nzito, moshi, na bujie, ile plagi ya cheche, ikitoka ni nyeusi yenye masizi. Unaweka jikleri (kile kitundu cha kupitishia esansi) ndogo zaidi kwa namba moja ao mbili, unapanda mlima, unatoa bujie tena. Rangi ya kahawia kama chai ya maziwa, acha hapo. Ikiwa nyeupe umepunguza mno, na kwa tempi mbili hiyo ni njia ya kuyeyusha pistoni. Angalia: ukishuka Uvira kwenye joto, jikleri ya Kabare itakuwa ndogo. Beba ile ya kwanza mfukoni.

Kwa DT, fika bila kutangaza saa. Weka kiganja kwenye moteri. Ikiwa ya moto wamekwisha kuiwasha kukuficha kitu. Kaa, omba chai, subiri ipoe. Kisha piga kiki wewe mwenyewe. Shika gurudumu la nyuma, litikise kushoto na kulia: likicheza, busheni za fourche ya nyuma (mkono unaoshika gurudumu) zimekwisha. Kandamiza mbele mara tano, halafu pitisha kidole kwenye mirija. Kidole kikitoka na oili, spi (mipira ya kuzuia oili) zimepasuka. Angalia namba ya kadre (fremu) kama imeguswa na mashine.

Na karatasi! Pikipiki ya shirika mara nyingi iliingia bila kulipa ushuru wa forodha. Ikiuzwa kwa mtu binafsi, ule ushuru unafufuka. Karti rozi, ile karatasi ya kuandikisha pikipiki, isome kabla hujapanda juu ya kiti, kwa sababu ukishapanda utakuwa kipofu.

Furaha_Agro

Mbona hakuna aliyeitaja Yamaha XTZ125? Tempi nne, 124 cc, rodi 21 na 18, na inapungua ile XR kwa kilo kama kumi. Haina mbio, kwenye lami utapitwa na motari mwenye mbuzi wawili. Kiti kinazidi cha XR kidogo, sentimita 84, lakini amortisa ni laini, ukiketi inashuka.

Motari_Essence

Mbuzi wangu wanaheshimiwa humu sasa.

Mushi_Nguba

Nimerudi, wiki tatu zimepita. DT nilifika saa moja asubuhi, moteri baridi, kiki ya pili ikawaka. Niliilaza na kuiinua mara tatu bila shida, nikaipenda kabisa. Kisha nikaomba karti rozi. Muuzaji akasema iko kwa mjomba. Mjomba akasema iko kwa mwanasheria. Nikapanda teksi nikarudi.

XR nilipata ya jamaa wa Panzi. Mara ya kwanza nikainua. Ya pili nikainua. Ya tatu nilisimama nikiishikilia nusu njia, siwezi kupandisha, siwezi kushusha, mpaka jamaa akaja kunisaidia. Dada Furaha, nilikukumbuka wewe na watoto wako wa chini ya mgomba.

Nimechukua XTZ125 ya okazio, dola 1,900, karatasi kwa jina la mwenyewe na mwenyewe alikuwepo. Jana tumefika Birava. Nimeanguka mara nne, nimeinua mara nne. Swali moja: kwenye mteremko, nikifunga gesi ghafla, shene inapiga kelele kama mtu anayetikisa sahani ndani ya beseni. Ni kawaida?

Fundi_Kadutu

Si kawaida. Imelegea, ao kurone (gurudumu la meno) ya nyuma meno yake yamekuwa kama ya papa. Lete siku ya tatu asubuhi. Usilete siku ya yenga, siku hiyo wote mnaniletea matope.