Nimenunua ekari 2 Kigumba, nianze na leya (kuku wa mayai wa kisasa) 300 au kuku wa kienyeji?

dereva_mstaafu

Habari zenu wakubwa. Mi nimeendesha lori miaka 14, Mombasa mpaka Juba, sasa mgongo umekataa kabisa nimeamua kutulia kijijini. Nimenunua ekari 2 huku Kigumba, Uganda, kama kilomita 6 ukiacha barabara kubwa ya Gulu, ardhi tambarare, kuna miembe 4 mikubwa na kajumba ka matope ka vyumba viwili mwenye ardhi alikaacha. Maji ni kile kisima cha pampu ya mkono, mwendo wa kama kilomita moja, na foleni ya jerikeni hapo asubuhi ukiiona unarudi kulala.

Pesa nimebaki na milioni 7. Rafiki yangu wa Kampala ananisukuma niweke leya 300, ati baada ya miezi 5 nachota trei 9 kila siku. Mke wangu yeye anasema nianze na kuku wa kienyeji wachache nione kwanza. Nyumbani imekuwa kesi, kila jioni ni leya leya leya. Wenye kuku humu naomba mnisaidie, niingie na nini, banda nijenge vipi, na kama kuna kitu sijauliza kwa sababu sikijui basi hicho ndo nakitaka zaidi.

mama_zubeda

Karibu jirani, mi niko Bweyale. Mkeo ana akili, msikilize.

Wacha nikuambie yaliyonikuta. Mwaka juzi nilikuwa na kuku 51 wa kienyeji, wazuri, wananifahamu hata sauti. Disemba nikanunua jogoo sokoni wa Krismasi, mkubwa mwekundu, nikamwachia achanganyike na wenzake siku mbili tatu nisubiri sikukuu. Siku ya nne amejikunyata kwenye kona, kinyesi kijani, shingo imepinda anaangalia juu kama anaomba dua. Siku ya kumi nilikuwa nimebaki na kuku 5. Kideri hicho, wengine wanaita mdondo. Hakina dawa, usidanganywe na mtu wa aloe vera wala pilipili, nimezimwaga zote. Ukiwa hujachanja umekwisha, na huku kwetu kinapenda sana kiangazi, Disemba mpaka Februari, wakati watu wanabeba makuku kwenye mabasi.

Sasa hivi nachanja kila baada ya miezi 3, nikichelewa sana 4. Natumia ile ya tone la jicho, I-2, hiyo inavumilia joto kidogo kuliko ile nyingine ya kuweka kwenye maji ambayo lazima ikae baridi muda wote. Nachanja alfajiri kabla sijafungua banda. Unambana kuku kwapani, unamlaza kichwa upande mmoja, unadondosha tone moja tu, halafu usimwachie mbio, subiri apepese jicho, tone lizame. Watu wanaharakisha hapo, tone linaanguka kwenye manyoya wanasema wamechanja. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko ulio nao kwa hiyo tunachanga nyumba kama 8 au 9 tunachanja asubuhi moja, maana jirani asipochanja kuku wake ndo wanatunza ugonjwa.

Mengine utajifunza polepole lakini hili usiahirishe.

hesabu_kwanza

Dereva mi nafuga leya 400 huku upande wa Kasese, mwaka wa sita sasa, kwa hiyo sikukatazi leya. Nakukataza leya na milioni 7.

Rafiki yako wa Kampala amekuhesabia mayai tu, hajakuhesabia tumbo. Leya mmoja akishaanza kutaga anakula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 300 hao ni kilo 36, kila siku ya Mungu, Krismasi na Idi zote. Sasa kabla ya hilo yai la kwanza una wiki 18 mpaka 20 za kulisha bila kupata hata senti na hapo kila kifaranga atakuwa amemaliza kilo 7 hivi, zidisha 300 unapata zaidi ya tani 2. Nenda duka la chakula Kigumba uliza bei ya kilo, zidisha, halafu ongeza vifaranga, mabati, waya, chanjo, mkaa wa kuwapasha joto wiki za kwanza (wanataka kama nyuzi 33 wiki ya kwanza halafu unapunguza pole pole). Halafu rudi hapa utuambie milioni 7 imefika wiki ya ngapi.

Na zile trei 9 ni siku ambayo 270 kati ya 300 wametaga. Siku kama hizo zipo, leya akiwa kileleni na kila kitu kiko sawa. Hazidumu. Kwa kuku 300 mi naweka hesabu kwenye trei 7.

Alafu maji. Kuku anakunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula chake, jua likiwaka zaidi. 300 hao ni jerikeni 4 kwa siku za kunywa peke yake, hujaosha chombo, hujaoga. Kwa hiyo foleni uliyotuelezea nani atapanga? Mke ambaye hataki leya?

Ukitaka kuchanganya chakula mwenyewe ili upunguze gharama, sawa, wengi tunafanya. Pumba za mahindi, mahindi ya kuparaza, mashudu ya alizeti au soya, mukene (dagaa), maganda ya konokono kwa ajili ya gamba la yai. Lakini chunga vitu viwili. Mahindi yenye ukungu usiyaguse hata wakikupa bure, ile sumu ya ukungu huioni kwa macho, unakuja kuona kuku wanadumaa na mayai yanapungua hujui kwa nini. Cha pili mukene. Mi mwaka wa kwanza mayai yalishuka karibu nusu, nikabadilisha dawa, nikamgombeza kijana wa kazi bure, kumbe gunia la mukene nusu ni mchanga maana wanaianika chini ufukweni. Nilikuwa nanunua mchanga kwa bei ya samaki banange. Siku hizi kabla sijalipa nachukua mkono mmoja natia kwenye kikombe cha maji nakoroga, samaki wanaelea, mchanga unakaa chini, namwonyesha muuzaji kikombe tunaanza upya kuongea bei.

kaka_wa_mpaka

Mnaongea kuku, mi naomba nirudi kwenye ardhi kidogo. Dereva ulisaini na nani? Alikuwepo mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya kijiji? Majirani wa pande zote 4 walikanyaga mpaka pamoja na nyie? Na mke wa aliyekuuzia alisaini?

Hilo la mwisho watu wanalicheka lakini Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka ridhaa ya mwenza kama ni ardhi ya familia wanaishi hapo au wanakula kutoka hapo. Nyumba ya matope wameiacha maana yake walikuwa wanaishi hapo. Mama akija kesho akisema hakuambiwa, karatasi yako inaanza kutikisika.

Jingine, ujue ni ardhi ya aina gani. Uganda tuna nne, ya kimila, fuliholdi (yako moja kwa moja), mailo (ya hati za zamani, hasa Buganda) na lizi (ya kukodi kwa miaka). Huko kwenu nyingi ni ya kimila, hiyo ushahidi wake ni watu na mipaka, kwa hiyo panda miti ya mpaka mapema, mchana, majirani wakiona. Usijenge banda la matofali kwenye futi 10 ambazo jirani anasema ni zake. Nimeona mtu amevunja choo chake mwenyewe kwa nyundo.

dereva_mstaafu

Eh asanteni sana, yani nimesoma nikanyamaza kimya. Hesabu_kwanza nimeenda dukani kama ulivyosema, nimezidisha kwenye simu mara mbili nikidhani nimekosea. Milioni 7 haifiki hata kuku waanze kutaga. Rafiki wa Kampala nimempigia hajapokea.

Kaka_wa_mpaka, LC1 alikuwepo na majirani watatu, wa nne alikuwa safarini. Mama hakusaini. Yupo Masindi kwa dada yake, nitamfuata wiki ijayo na mwenyekiti na ile karatasi, afadhali sasa ambapo bado tunasalimiana vizuri.

Kwa hiyo nimekubali, nimeanza na mitetea 20 na majogoo 2. Mke wangu kafurahi mpaka kachinja mmoja, sasa mitetea wamebaki 19 haha. Nauliza banda, na hizi kuku za Kuroiler watu wanazisifu vipi, si zipo kati kati?

babu_bombo

Kijana, mi ni mzee wa Bombo, nimefuga toka wakati wa utumishi. Banda la kuku 20 usihangaike, futi 6 kwa 8 ni la kulala na kutaga tu, mchana watoke watembee. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, upande mwembamba ndo upigwe na jua la asubuhi na la jioni, upande mrefu uache waya juu hewa ipite. Kuku anavumilia baridi kuliko hewa mbaya. Ukiingia asubuhi macho yakakuwasha, jua kuku wameshawashwa usiku kucha. Sakafu mwaga maganda ya kahawa au maranda ya fundi seremala, na ikilowa itoe, unyevu ndo unaleta ile harisho ya damu kwa vifaranga. Viota vinne vinatosha, viweke kwenye giza giza. Vijiti vya kulalia viwe vya mviringo, visiwe na kona kali.

Liinue banda kutoka chini, futi 2 na nusu hivi, na kila mguu uusimamishe ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari. Wewe dereva hiyo hukosi. Hii ni kwa ajili ya siafu. Nilikuwa na kuku ameatamia mayai 13, siku ya 20, kesho yake yanaanguliwa, usiku nikasikia kelele moja tu fupi nikadhani ni ndoto. Asubuhi nimekuta mama amekaa juu ya mayai hajatoka, amekufa hapo hapo, siafu bado wanapita kwenye kope. Yale mayai ukiyashika yalikuwa bado ya moto. Toka siku hiyo makopo nayakagua mwenyewe kila jumapili, mvua ikijaa inamwaga oili.

Na ukiwa upande wa kuelekea Karuma nyani nao wanajua yai ni nini. Mbwa mmoja mwenye kelele atakusaidia kuliko uzio.

Kuroiler zilitoka India. Zinakua haraka, jogoo anakuwa na uzito kweli, na mayai ni mengi kuliko ya kienyeji. Lakini haziatamii, na ukizizalisha mwenyewe watoto hawatoki kama wazazi. Kila mara utarudi kununua vifaranga.

hesabu_kwanza

Babu hapo kwenye Kuroiler mi napingana kidogo. Anaweza kununua mayai yaliyorutubishwa akamwekea kuku wa kienyeji aatamie, siku 21 anapata vifaranga bila mashine wala mkaa. Siku ya 7 unaingia chumba cha giza, unakunja karatasi kama bomba, unamulika yai kwa tochi ya simu, lenye uhai utaona mishipa kama buibui mwekundu na kitu kinacheza, lisilo na kitu linang'aa tupu unalitoa.

mama_zubeda

Hiyo ni sawa ila Kuroiler anakula jamani, usimwachie aokote okote kama wa kwetu ukadhani utapata uzito huo mnaousema. Wa kienyeji anataga 12 mpaka 15 anakaa, basi, lakini nusu ya chakula anajitafutia, na mteja wa Bweyale anamlipia vizuri kuliko wa duka. Mi nabaki hapo hapo.

Dereva unachanja lini?

dereva_mstaafu

Jumamosi mama yangu, ndo nilitaka kukuomba. Nakuja Bweyale na boda unielekeze hilo duka la chanjo, na nimemwambia LC1 atangazie kijiji, nyumba 6 zimekubali kuchanga. Nije na kopo la barafu?

Na nikuletee zawadi, jana sokoni Kigumba nimepata jogoo mmoja mwekundu wa nguvu, mkubwa kweli, nimekununulia badala ya wale wako waliokufa bambi.

mama_zubeda

Barafu lete. Jogoo muache huko huko kwako, mfungie peke yake mbali na wenzake wiki mbili, maji yake na chakula chake mbali, na wewe ukitoka kwake nawa mikono ubadilishe viatu kabla hujaingia kwa wale wengine.

Amelala wapi jana?

dereva_mstaafu

Nakimbia nje sa hii.