Mguu wa dabo besi: chuma, kaboni au mpingo?

Asalaam aleikum wanamuziki. Napiga dabo besi, ile fidla kubwa ya sauti nzito inayosimamishwa chini, kwenye kikundi cha taarab hapa Unguja. Mguu wake wa chini, ile fimbo inayosimamia, ni chuma cha unene wa milimita 10, na nikipiga uzi wa E (ule mnene) ukiwa wazi, bila kuubana kwa kidole, kunakuja mlio wa "zzz" unaoudhi. Skrubu ya kuubana mguu nimeshaikaza, raba ya nchani nzima.

Mwenzangu mmoja anataka niweke wa kaboni, eti mwepesi na sauti inafunguka. Mwengine anasema nichongeshe wa mpingo. Huo angalau si wa kuagiza Ulaya. Lakini mie naona kitu chengine: kwenye saruji tunapofanya mazoezi sauti ya besi inakuwa kavu, jukwaani juu ya mbao inanguruma vizuri kwa chuma hiki hiki. Sasa tatizo ni mguu au sakafu?

Aliyewahi kubadilisha anijuze: msikilizaji wa nyuma kabisa aliisikia tofauti, au ni mpigaji tu? Mpingo hauvunjiki besi ikiinama? Na ikibidi kung'oa kishikio chote kinachoushika mguu, nyuzi zitalegea, kile kijiti cha ndani kinachosimama baina ya ubao wa mbele na wa nyuma kinaweza kuanguka, na fundi wa kukirudisha simjui. Kuna njia ya kulikwepa hilo?