Niko field (mafunzo kwa vitendo) ofisini, nataka kuhamia karakana, naomba ushauri kabla supavaiza hajaja

Dogo wa Fezi: Wakuu habari za jioni. Nasoma diploma ya umeme, field yangu nimepata ofisi moja hapa Dar, kazi ni kutoa kopi na kusambaza mafaili tu, waya sishiki. Kuna karakana Gerezani wanasuka mota, yaani wanazifunga waya upya zikiungua, wako tayari kunifundisha. Nihame au nivumilie? Supavaiza wa chuo anapita Alhamisi, sina raha kabisa.

Mama Kheri: Vumilia mwanangu. Mdogo wangu alianza na mafaili hayo hayo, leo kaajiriwa palepale. Vijana hamna subira.

Mzee wa Mega: Mimi digrii nzima mega, kile kipimo cha insulesheni ya waya, nimeiona kwenye picha, kuja kuishika ni SEAP ya ERB, bodi ya wahandisi, ile miaka 3 ya kusimamiwa kabla ya kusajiliwa uhandisi, vijana wa VETA ndio walinifundisha kupima insulesheni. Nenda karakana dogo.

Kipara: Logbook, daftari la kazi za kila siku, anasaini nani?

Dogo wa Fezi: Mkuu ukweli nilishahama, tangu mwezi uliopita. Logbook ananisainia dada wa masijala kila Ijumaa. Ila sizururi, nashinda karakana asubuhi mpaka jioni, sioni nimemkosea nani.

Mama Kheri: Heee! Mungu anakuona.

Zoazoa: Hii chai. Anayesuka mota atuambie yenye slot (mifereji ya kulaza waya) 36, pole (ncha za sumaku) 4, inakaaje.

Dogo wa Fezi: 36 gawa kwa 4 unapata 9, gawa tena kwa fezi 3, zinabaki slot 3 za kila fezi kwenye kila pole. Kwa umeme wa hezi 50 inazunguka mara 1500 kasoro kidogo kwa dakika. Hii fomula niliikariri nikafaulu mtihani, maana yake nimeijua juzi tulipovua mota ya pampu iliyoungua, fundi akanikabidhi nihesabu mwenyewe kabla hajakata waya.

Zoazoa: Sawa, sio chai. Samahani dogo.

Kipara: Mota unaijua, kinachokumaliza ni saini. Kesho asubuhi kamwone kodineta wa field, omba barua ya kubadilisha kituo kabla ya hiyo Alhamisi.

Dogo wa Fezi: Na kurasa zilizokwishasainiwa? Halafu fundi wangu hana mhuri.

Kipara: Kama ana leseni ya biashara, mhuri unachongwa Kariakoo siku hiyohiyo. Hizo kurasa usichane wala kufuta, mwoneshe kodineta zilivyo umweleze.