Programu ya studio inakumbuka kila kitu isipokuwa madirisha yangu nilipoyaacha. Nimechoka jamani!

Wakuu, salamu zitakuja baadaye, leo nina hasira. Jina la programu yenyewe, hii ya kurekodia muziki kwenye kompyuta, silitaji, wanaoitumia watajitambua wakisoma.

Nina studio ndogo huku Mwanza. Chumba kimoja, magodoro ukutani, feni tunaizima mtu akianza kuimba. Mezani kuna laptopu ya inchi 15 na kioo cha pembeni (monita) cha inchi 24 nilichopata mtumba. Laptopu inabeba traki, yaani mstari wa kila sauti iliyorekodiwa; kioo kikubwa kinabeba mikseri ya kupandisha na kushusha sauti, na plagini, vile viprogramu vya kurekebisha sauti. Mpangilio huo nimeujenga kwa miezi. Mkono unajua wenyewe fida ya besi, kile kitelezi cha sauti, iko wapi, macho hayana haja ya kutafuta.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na kwaya. Watu 28, sauti nne, traki 34 ukiweka kinanda na gitaa. Wamekuja na daladala la kukodi, na dereva yuko nje anahesabu saa. Sauti ya kwanza tumemaliza, ya pili tumemaliza, ya tatu wako katikati ya ubeti wa pili, umeme ukakatika.

Hapo mnaweza kusema kosa ni la umeme. Subirini. Laptopu ina betri, kadi ya sauti inakula umeme wa USB wa laptopu hiyohiyo, waimbaji wana hedifoni. Kilichozimika ni spika na kile kioo kikubwa, basi. Kazi ilitakiwa iendelee, tena bila hata kelele ya friji ya jirani.

Kilichotokea ni hiki. Mikseri iliruka kutoka kioo kilichozimika ikaja kukaa juu ya traki zangu zote, na kwa vile imebaki na ukubwa wake wa zamani, sehemu ya chini yenye fida ikawa nje ya skrini. Naona majina ya juu tu, kama mtu aliyefunikwa shuka hadi puani. Nabonyeza plagini ya ikwaliza ya sauti ya tatu, kitufe kinawaka kuonyesha imefunguka. Imefungukia wapi? Haionekani. Nafunga, nafungua, kitufe kinawaka, kinazima. Dirisha liko kwenye kioo ambacho hakipo.

Halafu likaja baya zaidi. Nikasimamisha kurekodi, na kuanzia hapo kila nilipobonyeza popote kompyuta ikawa inalia "ting!" Nabonyeza traki, ting! Nabonyeza menyu, ting! Aliyewahi kupata hili anajua: programu imeuliza swali, imefungua kidirisha cha kusubiri jibu, na haitaki kufanya lolote hadi ijibiwe. Ila kidirisha chenyewe kimefungukia hukohuko gizani.

Mama mlezi wa kwaya, mtu wa heshima zake, akasogea nyuma yangu. "Mwanangu, hiyo mashine inalia nini?"

"Inauliza swali, mama, ila sijui imeliulizia wapi."

Akaniangalia kama anayetaka kuniombea.

Nikabonyeza Esc nikijua nafuta swali. Kumbe nafuta teki. Swali lilikuwa lile la kutaka kujua kama nitunze nilichorekodi sasa hivi au nikitupe. Ubeti mzima wa sauti ya tatu ukaenda, na ndiyo teki ambayo yule kaka wa mwisho kulia alikuwa ameipatia noti ya juu baada ya kuikosa mara sita.

Sasa niwaeleze wasioelewa tatizo liko wapi, maana nimelichimba wiki nzima. Windows inahesabu vioo vyote kama ukuta mmoja mrefu. Kioo kikuu kinaanzia sifuri; kama kina upana wa nukta 1920, kile cha kulia kwake kinaanzia 1920 na kuendelea. Kile cha kushoto kinapata namba hasi. Dirisha la plagini lililokuwa nukta ya 2400 linaandikwa 2400. Kioo kikiondoka, madirisha ya kawaida mfumo huyasogeza wenyewe, ndiyo maana mikseri iliruka. Lakini programu hii ikifungua plagini upya inasoma namba yake ya zamani na kuitii: 2400, haya nenda 2400. Haiulizi kama kuna kioo huko. Na kuuliza hakuna gharama, maana Windows inajua muda wote vioo vingapi vimeunganishwa na kila kimoja kinaishia wapi, programu yoyote ikiuliza inajibiwa papo hapo. Ni ukaguzi wa mistari michache tu: dirisha likiangukia nje, lirudishe katikati. Visomaji vya PDF vya bure vinafanya hivyo!

Najua kuna watakaokuja na vitufe vya kuvuta dirisha lililopotea: Alt na spesi, kisha M, kisha mshale. Asanteni, naijua. Inafanya kazi kwenye dirisha lenye kichwa cha Windows. Madirisha ya plagini humu yamechorwa na programu yenyewe, hayana menyu hiyo, bonyeza hadi kibodi iote kutu. Kitufe cha Windows na Shift na mshale wa juu kiliniokolea mikseri, plagini zikakigomea.

Umeme ulirudi baada ya dakika 40. Kioo kikawaka, picha ya ukutani ikatokea, madirisha yaliyoruka hayakurudi yalipokuwa.

Na msidhani hakuna sehemu ya kuhifadhi mpangilio. Ipo! Ina menyu yake na jina zuri. Tatizo mpangilio unaouhifadhi kwa menyu hiyo unakaa ndani ya projekti. Nikifungua projekti mpya, menyu tupu. Prodyuza mwenzangu wa Dar mwenye vioo vitatu akinitumia kazi niichanganye, nikiifungua nakuta madirisha yake yametawanyika hadi huko kwenye kioo chake cha tatu, na mimi mpangilio wangu haupo kwa sababu projekti ni yake. Yaani mtu akikuazima gari, viti vinajirudisha kwa urefu wa miguu yake na usukani hautaki kusogea.

Wenzao wenye programu nyingine za kurekodi walishalimaliza hili siku nyingi. Logic ilikuwa na skrinseti tangu iko mikononi mwa Emagic, kabla Apple haijainunua kampuni hiyo mwaka 2002: bonyeza namba 1 upate mpangilio wa kurekodi, bonyeza 2 upate wa kuchanganya, na unaweza kuufunga usiharibike. Nayo huziweka ndani ya projekti, sikatai, lakini inakuruhusu kuzileta kutoka projekti nyingine. Cubase ndiyo imeelewa somo vizuri kuliko zote, ina mipangilio ya projekti na mipangilio ya jumla inayokufuata popote, kila moja mahali pake. Ableton Live tangu itoke mwaka 2001 imejenga karibu kila kitu ndani ya dirisha moja, unabonyeza Tab kuhama ukurasa, na ilichukua hadi toleo la 9 ndipo wakaongeza dirisha la pili. Walilaumiwa sana kwa hilo, ila dirisha moja halipotei. Hata FL Studio, ambayo wengi wetu tumeanzia humo na sasa tunajifanya tumekua, F5 ni pleilisti, F7 piano roli, F9 mikseri, na vidole havisahau hadi leo.

Nikawaandikia watu wa msaada. Nimeambatisha picha, nimeeleza hatua kwa hatua, nimeweka hata namba za nukta. Jibu lilikuja siku ya nne: nihakikishe kioo cha pili kimeunganishwa na kimewashwa kabla ya kufungua projekti. Nikasoma mara mbili nikidhani nimeruka mstari. Nikajibu kwamba kioo kilizimika projekti ikiwa wazi. Wakaniambia hilo wanalihesabu kama ombi la kipengele kipya, niende nikalipigie kura kwenye ukurasa wa maombi. Dirisha kuonekana ni kipengele kipya! Kwenye apdeti ya mwisho wametuletea rangi sita za mandhari. Nimezijaribu zote, plagini bado ziko nukta ya 2400.

Leseni nimelipa, tena kwa dola, nikiwaza hasara ya kubadilisha fedha. Siyo kopi ya kuokota.

Kabla hamjasema: yuipiesi, ile betri ya kushikilia vifaa umeme ukikatika, nitanunua, hilo ni kosa langu na nimelikubali. Ila kebo ya HDMI ikilegea yuipiesi haisaidii. Ukibeba laptopu kwenda kurekodi kanisani bila kioo cha pembeni haisaidii pia, na kazi zangu nyingi za kwaya ni hukohuko. Na wa "nunua kioo kimoja kikubwa" naomba anitumie na hela.

Kwa sasa nimepata njia moja tu. Unafunga programu, unalifuta faili la setingi kwenye folda iliyofichwa ya mtumiaji, ukifungua madirisha yote yanarudi kama siku ya kwanza. Yanarudi kweli. Na mpangilio wangu wa miezi, shotikati zangu zote za kibodi na orodha ya plagini ninazozipenda vinaondoka nalo, kwa sababu vyote wameviweka kwenye faili hilohilo.

Mwenye kujua namna ya kufuta nafasi za madirisha peke yake bila kugusa mengine aseme, hata kama ni kwa kulihariri faili kwa mkono, nitalihariri. Nimelifungua kwa notipadi, ni herufi zisizosomeka. Kwaya inarudi Jumamosi saa nne asubuhi kurudia sauti ya tatu, na safari hii daladala nimelikodi mimi.