Chembe za nano na mnyauko wa tungule: je, udongo wetu utasalimika?

Mkulima wa Wete: Assalamu alaykum. Tungule zangu hunyauka ghafla mchana, majani yakiwa bado mabichi, na baada ya siku chache mche hufa. Nilikata shina moja nikalisimamisha katika gilasi ya maji safi, ukateremka ute mweupe kama maziwa. Nimesoma kwamba chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, za madini ya fedha hutengenezwa kwa majani ya mimea, yakiwamo ya mkarafuu, na kwamba ni rafiki wa mazingira. Je, zitaniokolea shamba?

Bibi shamba mstaafu, Chake Chake: Wa alaykumu s-salaam, ndugu yangu. Ute huo ni dalili ya mnyauko wa bakteria aitwaye Ralstonia solanacearum, ambaye huishi udongoni, huingilia kwenye majeraha ya mizizi na kuziba mirija inayopandisha maji, ndiyo maana dawa ya kunyunyizia majani haimfikii. Ng'oa miche hiyo pamoja na mizizi yake uichome, wala usipande hapo bilingani, pilipili au mbatata, panda mahindi. Jembe nalo lioshwe.

Mwalimu wa kemia, Unguja: Nitazungumzia madini hayo ya fedha. Maji ya majani yaliyochemshwa huchanganywa na naitreti ya fedha, ambayo ni chumvi ya fedha, na viambato vya majani huzigeuza ayoni za fedha, yaani fedha iliyoyeyuka yenye chaji, kuwa chembe za nanomita 1 hadi 100 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), mchanganyiko ukawa wa hudhurungi. Urafiki na mazingira unaotajwa ni wa utengenezaji, kwa kuwa kemikali kali za kuzigeuza ayoni hazikutumika. Fedha yenyewe ni ileile, nayo huua bakteria bila ya kuchagua, hata wale wanaogeuza amonia kuwa naitreti, ambayo ni chakula cha mimea yako. Mimi naegemea zaidi kitosani, inayotokana na magamba ya kamba na kaa, kwani huoza yenyewe, chaji yake chanya hunasa utando wa bakteria wenye chaji hasi, na tena huamsha kinga ya mmea. Hata hivyo, majaribio mengi ni ya maabara na vyungu, kwa hiyo waulize kwanza watafiti wa kilimo wa Kizimbani, huku Unguja, na usinunue chupa ya dawa isiyosajiliwa.

Mkulima wa Wete: Nashukuru sana. Maji ya shamba langu huteremkia bonde la mpunga la majirani, jambo ambalo sikulifikiria, fedha sitoitia. Miche naichoma leo, na jembe, ambalo ni la kuazima, nitaliosha kabla ya kulirejesha.